Rashasha ya Baba Yenu Hairithiki

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Arvid vua hiyo kofia ya mawindo uiweke chini, maana mama yako anataka kukuona macho, si masikio ya manyoya. Mirjam, nifunike blanketi magotini, kisha ukae pale kando ya kaka yako. Najua hamjakaa benchi moja tangu tulipomzika baba yenu, lakini leo mtakaa, kwa kuwa benchi hili la nje ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, bado ni langu na ninayepanga watu hapa ni mimi. Haya, nisikilizeni vizuri. Daktari wa mjini Hancock ameniambia kwamba moyo wangu umechoka na hautauvuka msimu huu wa theluji, naye alilisema kwa kunong'ona kana kwamba ni siri yake yeye. Nikamwambia, mwanangu, mimi Helmi Kangas nimemzika mume na dada zangu wote, huna haja ya kuninong'oneza. Na sikulia. Nawaambia kweli tupu, nilifurahi, maana mtu akishajua muda wake hujua na kazi yake, na kazi yangu ni hiyo iliyolala juu ya meza ya kuchunia kulungu.

Itazameni. Wazee wenzangu wakikaribia kuondoka huwaita watoto wakawagawia mashamba na fedha, mimi nimewaita niwatangazie kitu ambacho hamtakirithi, na moyo wangu huu mbovu unaruka tangu alfajiri kama wa msichana anayesubiri dansi ya Jumamosi. Ile ni rashasha ya Kijerumani aliyorudi nayo baba yenu Urho kutoka vitani, ikakaa miaka yote hii darini kwetu ndani ya sanduku la skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Mnaijua tangu utoto, mkiipanda kama farasi kila baba yenu alipotoka. Lakini mengi yake hamyajui, kwa sababu Urho alikuwa mtu wa kutoa maneno kwa kipimo cha chumvi, na mimi nilimwachia. Leo chumvi yote naimwaga.

Veikko Saari alikuwa kijana wa mtaa huu huu. Yeye na baba yenu walikaa dawati moja shuleni, wakashuka mgodini siku moja, na jeshi likawachukua pamoja. Huko Ujerumani kulikuwa na mto, ambao baba yenu hakukubali hata siku moja kuutaja jina, na ng'ambo ya mto kulikuwa na nyumba yenye dirisha. Rashasha hii ilikuwa dirishani, na Veikko alikuwa majini. Walipoiteka ile nyumba, wenzake waliokota saa na bendera na bastola, Urho akachukua hii. Akaifungua vipande, akavituma kwa posta kimoja kimoja ndani ya soksi na mablanketi, na bibi yenu akawa anapokea vifurushi akidhani mwanawe ananunua vipuri vya trekta. Alipofika nyumbani akaviunganisha, akaibeba begani mchana kweupe, akapita nayo mtaa mzima mpaka kwa mama yake Veikko, mama Hilja, akaiweka sakafuni jikoni kwake. Akasema, "Mama, huyu ndiye aliyemuua. Nimekuletea mfungwa."

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa binti mdogo nikimsaidia yule mama kufuma mazulia ya matambara, na nilisimama pale na mpira wa uzi mkononi. Mama Hilja hakulia. Alimmiminia Urho kahawa, akamkatia mkate wa iliki, akaiangalia ile bunduki kwa kitambo. Kisha akasema, "Mfungwa hafugwi na mwanamke mzee. Kaa naye wewe, Urho. Ila asiue tena, na asiuzwe." Na hapo hapo ndipo nilipompenda baba yenu, na makombo ya mkate kwenye sharubu zake, maana mapenzi hayachagui mahali.

Urho akaapa, na kiapo chake alikifanyia kazi. Alikusanya chubwi zake zote za kuvulia samaki, akaziyeyusha juu ya jiko la sauna, hili lililo nyuma yangu, akayamimina yale madini ya risasi yaliyoyeyuka ndani ya mtutu mpaka ukajaa kama soseji, kisha mdomo wake akaenda kuuchomelea kwenye karakana ya mgodi. Akarudi amejaa masizi, akaniambia, "Helmi, amekufa." Na nani angembishia? Ukumbini kwa wanajeshi wastaafu kulikuwa na nyingine ya namna hiyo, imetundikwa ukutani na kila Krismasi inavikwa taa. Siku zile hata sheria yenyewe iliihesabu rashasha iliyozibwa na kuchomelewa sawasawa kuwa pambo tu, kama kichwa cha kulungu sebuleni.

Halafu, mwaka wa sitini na nane, serikali ikafufua maiti. Ikaja sheria mpya, kwamba rashasha ni rashasha, iwe nzima iwe imezibwa, na kila moja lazima iandikishwe. Na kwa huruma wakafungua mlango wa msamaha kwa mwezi mmoja, kila mwenye nayo aende akaiandikishe, haulizwi aliitoa wapi. Lilitangazwa gazetini, likatangazwa redioni, likasomwa na ukumbini. Na mwezi waliouchagua wale wakubwa wa Washington, ambao nina hakika hawajawahi kuwinda hata sungura, ulikuwa Novemba.

Ndiyo, chekeni. Hata wewe, ofisa wa serikali uliyekaa kwenye ngazi, cheka, ingawa si mtu wa huku. Nani wa kwetu ana kichwa mwezi wa Novemba? Shule hufungwa siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, mgodi ulikuwa ukibaki na paka, mchungaji anawahubiria wanawake na vikongwe. Nikamwambia Urho, nenda kaiandikishe. Akanijibu, "Baada ya mawindo." Nikamwambia tena akipakia unga na kahawa kwenye lori. Akacheka, akasema, "Helmi, huyo amekufa. Umesikia wapi maiti anakwenda kujiandikisha? Baada ya mawindo." Akaenda zake kambini msituni, theluji ikawafungia huko, na siku aliporudi na dume lake la pembe pana, ana ndevu na furaha tele, mlango ulikuwa umeshafungwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanangu, na hii imeniuma mimi nusu karne.

Maana mlango ule haukufunguliwa tena. Hilo lishikeni kwa mikono miwili, kwa sababu wote wawili mmekuwa mkijidanganya, kila mmoja kwa namna yake. Nilimwita wakili Bi Nadeau hapa nyumbani, nikamkalisha jikoni, nikamuuliza wazi. Akaniambia kwamba ingekuwa imeandikishwa mwaka ule ningewarithisha kihalali mchana kweupe, bila hata kodi. Lakini kwa vile haikuandikishwa, leo hakuna ada ya kuchelewa wala faini ya kulipa yakaisha. Mtu binafsi hawezi kuiandikisha kabisa, hata apige magoti. Anayeishika ana kosa, awe ameiiba, awe ameinunua, awe ameikuta tu darini kwa mamaye, na kosa lenyewe ni miaka hadi kumi jela. "Na wewe ukifa, Bi Helmi," akasema, "kosa halizikwi nawe. Linamngoja atakayefungua dari." Wanangu, usiku ule nililala macho wazi, nikiona mikono yenu, ule wa Arvid na ule wa Mirjam, ikishika kamba ya mlango wa dari.

Na mlikuwa mkiigombania. Kwenye kahawa ya matanga ya baba yenu, watu wakiwa bado na sahani mikononi, wewe Arvid ulisema rashasha ni ya mtoto wa kiume. Na wewe Mirjam, mbele ya wageni, ukasema utawapigia polisi simu waje wamchukue, kaka yako wa tumbo moja. Mimi nikakaa katikati na kikombe changu kama mti uliosahauliwa kukatwa. Miaka mitano hamkuzungumza, mnakuja kunitazama kwa zamu kama walinzi, gari la mmoja likiingia la mwingine linatoka, na mlichokuwa mkigombania ni kitu ambacho hakuna kati yenu anayeweza kuwa nacho. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Sasa nije kwenye lile ambalo Arvid anadhani silijui. Tulia, Mirjam, usimkatize mama. Mwezi wa nane nilikuwa natafuta matambara ya kufumia, nikamwomba kijana wa Bi Lahti aniteremshie masanduku ya darini, na lile la skii akaliteremsha pia bila kuambiwa. Nilipobaki peke yangu nikalifungua. Nikaukuta mtutu wa Urho, ule uliojaa chubwi, na kando yake mtutu mpya, unang'aa kwa mafuta, umelala kama bibi harusi. Usiangalie chini, mwanangu, niangalie mimi. Ulikuwa umeuagiza kwa posta, na hukuvunja sheria kuuagiza, Bi Nadeau amenieleza, mtutu peke yake ni bomba la chuma. Lakini mtutu ule haukununuliwa ukae peke yake. Ulitaka kuupachika kwenye rashasha, uipeleke kambini msimu huu, uipige mara moja tu gizani mwa msitu kwa heshima ya baba, na rafiki zako washangilie. Mnajua ni nini kilichoniuma? Si jela, ingawa jela nayo inauma. Baba yako alimfunga mfungwa kwa sababu ya machozi ambayo mama Hilja hakuyalia, na wewe ukaenda kununua ufunguo wa kumfungulia.

Lia, si aibu. Mpe leso, Mirjam. Mpe yako, si hii yangu.

Na kosa la Urho lilikuwa hapo hapo, Mungu amrehemu. Mtutu wa rashasha ile hutolewa na kurudishwa upesi, waliutengeneza hivyo makusudi kwa kuwa hupata moto mno vitani, na Urho alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa mji huu. Hata hivyo akaziba mtutu akatangaza msiba. Bi Nadeau anasema sheria haitazami mtutu, wala kitako, wala miguu. Rashasha kisheria ni kile kiwiliwili, lile kasha la chuma la katikati ambamo vingine vyote hushikizwa. Kikiwa kizima, rashasha ni nzima, hata kama haina mtutu, hata kama haijatoa mlio tangu vita viishe. Baba yenu alimziba mdomo akadhani amemuua. Hata mimi mkinifunga mdomo siwi maiti, nitawatafuta kwa fimbo.

Basi nimefanya nilichopaswa kufanya. Arvid, uliposikia habari ya wakili, ulinishauri tuipakie kwenye lori tuipeleke kituoni ukaikabidhi kimya kimya, na Bi Nadeau nusura amwage kahawa. Kitu hicho hakitembezwi barabarani na mtu asiye na ruhusa. Yeye ndiye aliyepiga simu, akaongea na watu wa serikali wanaohusika na silaha, wakakubaliana, na ndiyo maana binti huyu, Ofisa Ortega, amekaa pale kwenye ngazi na viatu vyake vya mjini akinywa kahawa yangu. Ningeweza kumwachia aondoke nayo. Ningeweza hata kuitoa zawadi kwa makumbusho ya serikali, sheria inaruhusu, lakini mama Hilja hakumtoa mfungwa ili akatazamwe na watoto wenye peremende midomoni. Nimechagua la tatu. Itakatwa hapa, mbele ya macho ya ofisa, kwa moto na si kwa msumeno, kwa sababu msumeno huacha vipande vinavyoweza kuungwa, na moto hula chuma chenyewe. Mikato mitatu ya mshazari, pale pale alipoweka chaki nyeupe.

Na atakayekata ni wewe, Arvid. Usinitajie fundi mwingine. Umechomelea meli na reli maisha yako yote, na chupa zako za gesi ziko pale nyuma ya lori, nimeziona. Mkono uliotaka kumfufua ndio utakaomzika.

Subiri, usiinuke bado, sijagawa. Kiwiliwili kikishakatwa vinavyobaki si silaha tena, ni mbao na chuma, na hivyo nina haki ya kuvirithisha. Kitako cha mbao ni chako, Arvid. Kigeuze uone upande wa chini, baba yenu alichonga pale jina la Veikko kwa kisu, na mlipokuwa mkikipanda kama farasi mlikuwa mkilikalia. Miguu ile miwili ni yako, Mirjam, ukaisimamishie njegere bustanini, zipande juu yake mpaka isionekane. Mtutu wa chubwi uwekwe hapa sauna, kando ya jiko lililoyeyusha hizo chubwi. Ule mtutu mpya nao ukatwe leo. Si sheria inayotaka, ni mimi.

Nyumba ni ya Mirjam, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiacha kwake akaja kunigeuza kitandani nilipozidiwa, na Arvid unalijua hilo wala hutanung'unika. Kitanda changu cha kufumia mazulia kisiuzwe, na zulia lililomo limebaki shubiri tatu, limalizeni. Lori na vifaa vyote vya baba yenu ni vya Arvid. Sufuria kubwa ya Bi Lahti irudishwe, ameidai tangu harusi ya mwanawe, na mwambieni ule ugomvi wa uzio nimeusamehe, ingawa nilikuwa nasema kweli. Kambi ya mawindo ni yenu wawili. Nimesema wawili, Arvid. Mirjam atachagua kitanda chake kwanza, na kile cha karibu na jiko kisidaiwe na mtu.

Haya, washa.

Mbona umesimama? Anasema nini? Anasema hawezi kuwasha moto na mama ana mipira ya hewa puani, chupa yangu ya oksijeni na moto wake havikai pamoja, mnirudishe ndani nitazame dirishani. Hapana. Dirisha la jikoni linaonyesha banda la kuku. Mirjam, funga hiyo chupa. Zungusha mpaka mwisho. Nivue hii mipira, ikokote chupa yote ndani ya nyumba na ufunge mlango. Nimesema funga, binti yangu, mimi ni mzima wa akili na wakili ameandika hivyo. Na wewe, ofisa, kaa, kahawa yako itapoa.

Ah. Hewa ya baridi, tamu kama maji ya kisima.

Nisikilizeni upesi sasa, maana pumzi... pumzi ni ya kuhesabu. Kesho msimu unafunguliwa. Nimewaita leo makusudi. Mngeniambia tungoje wiki ijayo, mngeniambia mama pumzika kwanza, baada ya mawindo. Nami nikasema, safari hii... kabla.

Washa, mwanangu. Hivyo. Angalieni bluu ile. Urho alipenda rangi hiyo.

Inakata. Mnaona? Mnaona inavyolia machozi mekundu kwenye theluji? Moja. Inayumba, meza haikamati. Mirjam, chukua koleo. Mshikie kaka yako chuma. Mshikie, hatakuunguza, alikushikia baiskeli ukijifunza... Hivyo hivyo. Vaa miwani yake ya akiba. Mmesimama vizuri. Mmesimama kama siku mliyokuwa mnapasua kuni za baba.

Mbili.

Mungu awape... subirini. Mungu awape theluji ya kiasi na kuni kavu. Awape watu wa kunywa nao kahawa. Msikae kimya miaka mitano tena, mtu hana miaka mitano ya kutupa. Kitu kikiwasumbua darini, kiteremsheni mapema, mkiite kwa jina lake. Awabariki mikono... yote minne. Nimewaridhia. Wote wawili, sawa kwa sawa, nimewaridhia.

Usiache, Arvid. Mama hajambo. Mama anaona. Malizia.

Tatu.

Ofisa amesimama. Anatikisa kichwa kukubali, sivyo? Mwambieni asante... mpeni mkate wa iliki wa njiani. Na washeni sauna, muoge wote, huo moshi uwatoke.

Chupa? Ngoja kwanza. Nina mtu wa kumwambia.

Urho. Mfungwa wako sasa ndiyo amekufa.

Kapakieni lori la mawindo, wanangu.